Kutoka Kubonyeza Ovyo Hadi Kutoa Amri: Mwongozo wa Vidhibiti vya Gemu za Mapigano za Anime

Karibu kila anayeanza gemu ya mapigano ya anime hukwama mahali pamoja. Anajua anachotaka mhusika wake afanye, anabonyeza, na mhusika anafanya kitu kingine. Alitaka kurusha umeme, mhusika karuka juu na kuanguka mikononi mwa adui. Alitaka kujikinga, kumbe anatembea mbele. Baada ya mechi kumi za namna hiyo wengi huamini vidole vyao ni vizito, au gemu yenyewe ni ngumu kupita kiasi. Mara nyingi si hivyo. Gemu imesoma sawasawa kile ilichopewa, ila mchezaji haoni alichoipa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuzisoma amri zako mwenyewe kwenye skrini na kurekebisha kosa moja kwa wakati.

Mifano mingi imetoka katika Guilty Gear -Strive- (2021), Dragon Ball FighterZ (2018) na Granblue Fantasy Versus: Rising (2023), zote za studio ya Arc System Works. Mbinu ni zilezile ukicheza BlazBlue, Melty Blood: Type Lumina au Under Night In-Birth II. Gemu za uwanja wa 3D, kama mfululizo wa Naruto Ultimate Ninja Storm na Dragon Ball: Sparking! Zero, zina sehemu yake chini, kwa sababu ugumu wake uko kwingine.

Namba kwanza

Wachezaji wa gemu hizi huandika mielekeo kwa namba, kwa mpangilio wa namba zilizo upande wa kulia wa kibodi:

7 8 9
4 5 6
1 2 3

Tano ni kuacha kila kitu, yaani hujabonyeza mwelekeo wowote. Sita ni mbele, nne ni nyuma, mbili ni chini, nane ni juu. Tatu ni chini-mbele, moja ni chini-nyuma, na kadhalika. Kwa hiyo 236 ni robo duara ya mbele: chini, chini-mbele, mbele. 214 ni robo duara ya nyuma. 623 ni mbele, chini, chini-mbele. 632146 ni nusu duara kwenda nyuma, kisha mbele. Ukiona [4]6, mabano yanamaanisha ushikilie nyuma kwanza, kisha uachie na kugonga mbele.

Namba hizi huandikwa kana kwamba mhusika anatazama kulia. Mkibadilishana pande, 6 inabaki kumaanisha "kuelekea kwa adui", hata kama kidole chako sasa kinabonyeza kushoto. Hapa ndipo wengi huanguka: wamejifunza kila kitu wakiwa upande mmoja, na adui akiwaruka tu, mikono inasahau. Tutalirudia hili kwenye mazoezi.

Baada ya namba huja kitufe. Strive ina P (ngumi), K (teke), S (mkato), HS (mkato mzito) na D (Dust). FighterZ ina L (pigo jepesi), M (la kati), H (zito) na S (maalumu). 5P ni ngumi ya wima, 2K ni teke la kuchuchumaa. Herufi j mbele ya kitufe ina maana pigo linapigwa hewani.

Kifaa na mpangilio wa vitufe

Hakuna kifaa kinachokufanya uwe bora, lakini kila kimoja kina kosa lake la kuzaliwa, na ni vizuri ulijue mapema.

Stiki ya analogi ya pedi huzunguka vizuri kwenye nusu duara, lakini hupitiliza. Kidole kinapita 6 na kufika 9, na mhusika anaruka. Pia hukawia kurudi katikati, hivyo dashi (mwendo wa ghafla) ya 66 inashindikana kwa sababu gemu haikuona 5 kati ya zile 6 mbili. Msalaba wa pedi (vitufe vya mielekeo minne) ni sahihi zaidi kwa dashi na kinga, ila kosa lake ni kuruka pembe: unatoka 2 hadi 6 bila kugusa 3. Dawa ni kuviringisha kidole gumba kikiwa kimelala juu ya msalaba, badala ya kukiinua na kugonga upya. Fimbo ya akedi huhitaji mkono mzima ujifunze, na wanaoanza huisukuma kwa nguvu mno. Kifaa chenye vitufe vitupu, na kibodi pia, hutoa mielekeo safi na ya haraka, lakini kinakudai uachie kitufe kwa wakati. Ukishikilia 2 wakati tayari umebonyeza 6, gemu inaona 3 na kubaki hapo.

Wa kibodi wana jambo la ziada. Kibodi nyingi za kawaida hazisomi vitufe vitatu au vinne fulani vikibonyezwa pamoja. Ijaribu hivi: ingia kwenye mazoezi, shikilia chini na mbele, kisha bonyeza kila kitufe cha pigo kimoja kimoja ukitazama kama kinaonekana. Kimoja kisipoonekana, hamisha mpangilio hadi upate mchanganyiko unaosomwa. Hilo si kosa la mkono, na mazoezi hayataliponya.

Kwenye runinga, washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha. Runinga nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda unaotosha kabisa kukuharibia kinga.

Kisha panga vitufe. Vile vya mapigo ya kawaida viache kama vilivyokuja, maana miongozo na video nyingi huvifuata. Vya mabegani ndivyo vya kupanga kwa makini. Katika Strive weka kimoja kwa ajili ya dashi na kingine kwa ajili ya Roman Cancel, yaani kukatiza tendo la mhusika wako ili awe huru kufanya jingine. Bila kitufe hicho, Roman Cancel hudai vitufe vitatu kati ya P, K, S na HS kwa pamoja, na kimoja kikichelewa unapata pigo la kawaida katikati ya hatari. Katika FighterZ fanya vivyo hivyo kwa Super Dash (H+S), mruko wa kasi wa kumfuata adui, na Dragon Rush (L+M), mkamato. Kitufe cha kejeli kiondoe mahali kinapoweza kuguswa kwa bahati mbaya. Ukishapanga, usibadilishe kwa wiki tatu au nne, kwa sababu kila badiliko linarudisha vidole mwanzo.

Kutembea na kujikinga kabla ya kombo

Ingia kwenye hali ya mazoezi na usipige chochote kwa dakika kumi za kwanza. Tembea mbele, simama, tembea nyuma. Piga dashi ya mbele (66), kisha ya nyuma (44). Ruka, ruka mara mbili, ruka kisha dashi hewani. Unatafuta jambo moja: mhusika asimame pale ulipotaka asimame. Gemu za anime hutofautiana na nyingine kwa uhuru wa hewani, na asiyeutawala mwendo hupigwa hata na mtu asiyejua kombo yoyote, yaani mfululizo wa mapigo yanayoungana.

Kinga ni kushikilia nyuma. Ukishikilia 4 unakinga mapigo ya juu na ya kati, ukishikilia 1 unakinga ya chini na ya kati. Mapigo ya mrukaji hukingwa kwa kusimama. Sasa swali la vitendo: ushikilie lipi kama huna hakika? Shikilia 1, inuka unapomwona adui hewani au akianza pigo la juu. Sababu ni hesabu. Gemu hizi huenda kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni takriban milisekunde 16.7. Binadamu huhitaji karibu milisekunde 200 hadi 250 kuona kitu na kubonyeza, yaani fremu 12 hadi 15. Teke la chini la haraka hutoka ndani ya fremu tano au sita. Hakuna jicho linaloliwahi. Pigo la juu la D katika Strive huchukua kama fremu 20, na hilo unaweza kulizoea kwa macho, japo si mara zote.

Zoezi lake ni hili:

1. Mrekodi mwanasesere wa mazoezi (adui asiyechezwa na mtu) akipiga teke la chini mara mbili. Kwenye nafasi ya pili ya kurekodi, mfanye aruke na kupiga. Kwenye ya tatu, apige pigo la juu.
2. Weka uchezeshaji wa rekodi uwe wa kubahatisha.
3. Kaa kwenye 1, uinuke tu unapoona mruko au pigo la juu.
4. Endelea dakika tano. Ukianza kubahatisha badala ya kuona, pumzika.

Mara nyingi kinga hushindwa kwa sababu mchezaji alikuwa bado anabonyeza vitufe vya pigo. Huwezi kukinga huku pigo lako mwenyewe linaendelea. Ukipigwa mfululizo, jiulize kwanza kama kidole gumba cha kulia kilikuwa kimetulia.

Historia ya amri

Gemu zilizotajwa hapa, ukiacha zile za uwanja wa 3D, zina chaguo la kuonyesha amri zako pembeni mwa skrini ukiwa kwenye mazoezi. Liwashe na usilizime. Huonyesha mishale na vitufe kwa mpangilio, na gemu nyingi huweka pia namba ya fremu ulizoshikilia kila kimoja. Hiki ndicho kioo chako.

Chukua Ky Kiske, mhusika wa Strive, kwa sababu amri zake zinafunua makosa vizuri. 236S ni Stun Edge, umeme unaokwenda mbele. 623S ni Vapor Thrust, upanga unaopanda juu naye. Amri mbili, kitufe kilekile. Ukikosea moja unaweza kupata nyingine, na Vapor Thrust ikikosa inamwacha Ky hewani bila kinga.

Anza na 236S. Ifanye polepole, kisha tazama pembeni. Amri safi inasomeka hivi: 2, 3, kisha 6 pamoja na S. Makosa ya kawaida ni manne, na kila moja lina sura yake:

Ukiona 2 kisha 6+S, umeruka 3. Kidole kiliinuka. Viringisha, usigonge.

Ukiona 2, kisha 3+S, kisha 6, mkono wa kulia umewahi. Hili ndilo kosa la walio wengi, na huzidi mtu anapojaribu kuwa mwepesi. Jiambie kwamba S ni sehemu ya 6: vinashuka pamoja.

Ukiona 2, 3, 6, kisha 9+S, umepitiliza na gemu ikaona mruko. Ni kosa la stiki ya analogi. Punguza nguvu, na ukomeshe mzunguko kwa kuachia badala ya kusukuma hadi mwisho.

Ukiona 6, 2, 3, 6+S na badala ya umeme Ky akapaa, hukukosea mzunguko. Ulikuwa unatembea mbele kabla ya kuanza, na gemu ikaunganisha ile 6 ya kutembea na 2 na 3 zilizofuata, ikasoma 623. Gemu hizi hukumbuka mielekeo ya fremu kadhaa zilizopita. Acha kutembea, toa kidole kabisa 5 ionekane kwa muda mfupi, kisha ndiyo uanze 236. Wengine wanaita hili "gemu kunionea". Ukishaliona kwenye historia mara moja halikusumbui tena.

Sasa 623S. Ianze kwa kugonga 6, achia, kisha viringisha kutoka 2 hadi 3 na ubonyeze S ukiwa kwenye 3. Usiende hadi 6. Wanaoanza huogopa kwamba hawajafika, wanaongeza mzunguko, na pigo linachelewa. Kwenye historia angalia S imetokea kando ya mwelekeo gani. Ikiwa kando ya 6, umepitiliza.

Supa (pigo kubwa) ya Ky, Ride the Lightning, ni 632146HS na hula nusu ya mita ya Tension, yaani kipimo cha nguvu cha mhusika. Inashindikana zaidi mwishoni: watu hufika 4 vizuri, kisha wanabonyeza HS kabla ya kurudi 6, na kinachotoka ni upanga wa kawaida. Igawanye vipande viwili kichwani, "nusu duara nyuma" na "mbele pamoja na kitufe". Fanya cha kwanza mara tano bila kitufe, kisha unganisha.

Kwa wahusika wa kushikilia, kama May na pomboo wake wa [4]6S, kosa ni kuachia mapema. Ushikilie karibu nusu sekunde. Shikilia 1 badala ya 4: unahesabiwa nyuma na chini kwa pamoja, na wakati huohuo umekinga. Wachezaji wazuri wa May huwa tayari wameshikilia kabla hata ya kuamua kupiga.

Kuna kosa jingine la Strive linalofanana na haya. Kitufe cha D kikibonyezwa pamoja na 6 au 4 ni kukamata. D bila mwelekeo ni pigo la juu. D ukiwa chini ni fagio, pigo la kufagia miguu. Anayetembea mbele na kubonyeza D akitaka pigo la juu atamkamata adui, au atakamata hewa tupu. Historia itakuonyesha ile 6.

Utaratibu wa mazoezi ni huu: amri kumi ukiwa upande wa kushoto, kumi ukiwa kulia. Ukipata nane au zaidi pande zote mbili, ongeza kasi. Usipofika, punguza. Upande ulio dhaifu upewe seti mbili kwa kila seti moja ya upande wenye nguvu, maana kwa hiari yake mtu hurudi upande anaoupenda bila kujua. Na usiongeze amri mpya siku ambayo ya jana imeshuka chini ya nane.

Hewani: dashi ya papo hapo

Mbinu hii ndiyo inayozipa gemu za anime kasi yake: unaruka na kudashi hewani ukiwa bado karibu na ardhi, ukimfikia adui kabla hajajipanga. Amri ni 956. Mruko wa chini-chini wa 9 unahesabiwa kama "mbele" ya kwanza, kisha unaachia (5) na kugonga 6 iwe ya pili. Watu hupoteza muda wakifanya 9, kisha 6 mara mbili. Hilo lina mwelekeo mmoja wa ziada na linakupandisha juu mno.

Dashi isipotoka, tazama kama 5 ipo kati. Ikitoka ukiwa juu, umekawia kati ya 9 na 6. Na ikitokea mhusika anaruka tu bila dashi, 6 imekuja kabla miguu haijaondoka ardhini. Kila gemu ina fremu chache za kujiandaa kuruka na hizo haziepukiki. Ukiwa na kitufe cha dashi, ruka mbele kisha kibonyeze. Kutumia kitufe hicho si udanganyifu hata kidogo.

Jamaa yake ni amri ya 2369, robo duara inayomalizikia kwenye mruko, kwa ajili ya mapigo maalumu ya hewani yanayotoka chini. Hapa kitufe kinakuja baada ya 9, kwa kuchelewa kidogo sana. Kikiwahi, unapata pigo la ardhini.

Kombo inakatika wapi

Mapigo mengi kwenye kombo huunganishwa kwa kukatiza: pigo la kwanza linapogusa, unaingiza la pili kabla la kwanza halijamaliza mkono wake. Pigo linapogusa, wahusika wote wawili huganda kwa fremu chache. Tazama kwa makini upige HS ya Ky na utaona ule mgando, mzito kuliko wa P. Huo ndio muda uliopewa wa kuzungusha amri. Anayengoja mgando uishe ndipo aanze 236 amechelewa. Anayeanza kabla pigo halijagusa amewahi, na amri yake imepotea.

Kuna na kosa la kugonga kitufe mara nyingi. Katika Strive, S ukiwa karibu ni pigo moja na S ukiwa mbali ni jingine, na la karibu linaweza kufuatiwa na la mbali. Ukigonga S mara tatu kwa wasiwasi, gemu inachukua S ya pili kama agizo halali, na pigo maalumu ulilokusudia linakosa nafasi. Gonga mara moja kwa kila pigo. Ukisikia vitufe vyako vinalia kama mvua ya mawe juu ya bati, umeshajua tatizo.

Namna ya kujenga kombo:

1. Mweke mwanasesere kwenye mpangilio wa kukinga baada ya pigo la kwanza. Hapo kombo isiyo ya kweli itajifichua yenyewe, kwa sababu atakinga penye pengo.
2. Gawa kombo vipande vya mapigo mawili matatu.
3. Fanya kipande cha mwisho kwanza, peke yake, mara kumi. Ndicho kinachokosewa zaidi, kwa kuwa watu hukifikia mara chache.
4. Ongeza kipande cha kabla yake, kisha cha kabla ya hicho, hadi mwanzo.
5. Rudia upande wa pili, kisha kwenye kona, maana umbali hubadilika na pigo lililofika katikati linaweza kukosa au kugusa mapema.

Baada ya hapo mpangilie akinge kwa kubahatisha. Piga mapigo mawili. Yakimpata, malizia kombo. Akikinga, komea kwenye kitu salama. Zoezi hili lina thamani kuliko kombo tatu ndefu. Anayemaliza kombo nzima juu ya kinga huadhibiwa na kila mtu.

Amri rahisi na kombo za kitufe kimoja

Zitumie. FighterZ hutoa kombo ukigonga L mfululizo. Melty Blood: Type Lumina hufanya hivyo kwa A, na BlazBlue: Central Fiction ina hali ya Stylish. Granblue imekwenda mbali zaidi: pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo. Gran, mmoja wa wahusika wake, hurusha pigo la Reginleiv kwa kitufe hicho peke yake, na kwa kukiongezea mbele anapata Rising Sword, ambayo kwa amri ndefu ni 623. Kwa anayeanza, hii ni njia nzuri ya kujifunza lini pigo linafaa kabla ya kujifunza kulitoa.

Mipaka yake ni miwili. Kombo ya kitufe kimoja haichagui: inaweza kumaliza kwa supa na kula mita uliyotaka kuiweka. Na kugonga kitufe kimoja mfululizo kunakujengea tabia ya kutotazama kama pigo limeingia. Kwa hiyo zitumie mwanzoni, lakini anza mapema kusimama baada ya pigo la pili na kuamua.

Kiwango cha ugumu cha kompyuta

Kompyuta ya kiwango cha chini husimama na kungoja, hivyo inakufundisha kwamba kuruka mbele na kupiga hufanikiwa kila mara. Ya kiwango cha juu inaweza kujibu kwa kasi isiyo ya binadamu, na inakufundisha kuogopa mbinu ambazo dhidi ya mtu ni nzuri. Vyote viwili ni uongo wa aina yake. Anza kiwango cha katikati, na ucheze kila mechi ukiwa na kazi moja tu: kwa mfano, kuzuia kila mrukaji kwa pigo la kuelekea juu (katika FighterZ ni 2H, katika Strive kwa wengi ni 6P). Mechi unaweza kuishinda au kuishindwa, hilo liache. Hesabu warukaji wangapi umewazuia. Ukiweza wengi wao, badili kazi, usipandishe kiwango kwanza.

Kucheza na watu mtandaoni usikuache kwa ajili ya "siku nitakapokuwa tayari". Hata hivyo, tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi ukiweza, kwa sababu mtandao unaoruka-ruka hufanya muda uliouzoea mazoezini usiwe na maana, na utadhani umesahau.

Gemu za uwanja wa 3D

Katika Ultimate Ninja Storm na Sparking! Zero hakuna 623 wala 632146. Kombo hutoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo. Ugumu umehamia kwenye kamera, umbali na mita. Katika Storm kinachoamua ni kibadala, ile mbinu ya kumwachia adui gogo na kutokea nyuma yake, ambayo ina mita yake. Anayeanza huitumia kwa kila pigo, mita inaisha, kisha anakula kombo nzima na supa juu yake. Vumilia pigo la kwanza na la pili, tumia kibadala kabla ya mwisho wa kombo, na hesabu vibadala vya adui kama unavyohesabu vyako.

Sparking! Zero ina mipangilio miwili ya vidhibiti, ya kawaida na ya zamani. Ya zamani inawafaa waliozoea Budokai Tenkaichi. Wengine wabaki na ya kawaida. Pambano lililowakwamisha wengi ni la Goku dhidi ya Vegeta aliyegeuka Nyani Mkubwa. Hukwama kwa sababu wanamsogelea na kumpiga ngumi kama adui wa kawaida, ilhali majitu hayayumbi kwa mapigo madogo, na kombo yako inakatwa na mkono wake katikati. Kaa mbali, jaza ki (nguvu ya mhusika) akiwa amemaliza shambulio, mpige kwa mapigo makubwa ya ki, kisha ondoka upande, si nyuma moja kwa moja.

Ratiba na mkono wenyewe

Dakika 30 kwa siku zinatosha: tano za mwendo na kinga, kumi za amri pande zote mbili, kumi za kipande kimoja cha kombo, tano za kukinga kwa kubahatisha. Baada ya hapo cheza mechi upendavyo. Saa tatu za Jumapili pekee hazileti matokeo hayo, kwani vidole hukaa siku sita vikisahau.

Ukihisi maumivu kwenye kidole gumba au kifundo cha mkono, simama. Kwa kawaida chanzo ni kubana pedi. Shika kwa nguvu ya kuzuia isianguke tu. Kitufe hakitofautishi mguso mwepesi na ngumi. Malengelenge kwenye gumba ni dalili kwamba unakandamiza msalaba badala ya kuuviringisha.

Mwisho wa siku fungua marudio ya mechi moja uliyoshindwa. Tafuta raundi iliyokuuma zaidi, rudi nyuma sekunde mbili kabla ya pigo lililoigeuza, na kama gemu yako inaonyesha amri kwenye marudio, ziwashe. Soma ulichobonyeza pale. Kiandike kwa namba, mfano "nilitaka 236S, nilitoa 6236S nikitembea", na kesho yake zile dakika kumi za amri zianze na hicho.